Mstari Mfupi Nyuma ya Mwalimu

Mama yangu hasimami kwenye foleni. Akifika zahanati na kukuta watu wamejipanga, anatafuta benchi la pembeni, anakaa, anasubiri hadi mtu wa mwisho ahudumiwe, kisha anainuka na kujifanya ndiyo kwanza anafika. Kanisani, wakati wa kupeleka sadaka mbele, bahasha yake naipeleka mimi. Nilipokuwa msichana jambo hili lilinitia aibu kweli kweli, nikaliita maringo. Siku hizi anaishi nami Ruiru, kwenye mojawapo ya zile fleti zilizoota pale palipokuwa na mibuni, na nimeshazoea. Akiulizwa anasema ni miguu inamsumbua. Miguu yake ni mizima kuliko yangu.

Mimi nashona na kuuza sare za shule. Mama hushinda nami dukani akitia vifungo, kwa sababu hawezi kukaa bure, na kwa sababu hapendi kubaki peke yake nyumbani. Msimu huu wa kampeni aliingia dukani kijana wa mheshimiwa mmoja, amevaa fulana yenye uso wa bosi wake. Alikuwa na adabu, sitaki kumsingizia. Alisema, akimwita Mama bibi kwa Kikuyu na mimi mama kwa lugha ya vijana, “Cucu, habari yako? Mathe, sasa? Tunaomba tu mtuwekee hii kwa mlango.” Kisha, ili tuone vizuri, akalikunjua bango moja, akalishika kifuani kwa mikono miwili, akasimama wima mbele ya Mama.

Mama aliacha shati lianguke chini, akatoka kwa mlango wa nyuma. Nilimkuta kando ya tangi la maji, ameshika ukuta, jasho linamtoka. “Mwambie ashushe hiyo picha,” alikuwa anasema. “Mwambie ashushe.” Kijana alikuwa ameshaenda zake. Nilidhani ni presha. Nikamketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, nikampa maji, na hapo ndipo, bila mimi kumuuliza lolote, alipoanza kunieleza jambo ambalo mimi mwenyewe nilikuwepo lilipotokea.

Aliyezaliwa juzi hawezi kuamini, lakini kuna wakati katika nchi hii tulipiga kura kwa miguu. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Chama kilikuwa kimoja, na kuchagua mtu wake kulifanyika hivi: watu walikusanyika uwanjani asubuhi, kila mgombea akawa na ajenti wake, na ajenti akashika picha ya mgombea kifuani. Ukimtaka huyu, unasimama nyuma ya picha yake. Ukimtaka yule, unasimama kule. Karani anapita akihesabu vichwa. Chifu anaangalia, mwajiri wako anaangalia, wakwe zako wanaangalia. Waliita hiyo demokrasia yetu wenyewe, na waliokuwa wanasema hivyo walikuwa watu waliosoma.

Kwetu ni upande wa Gatuanyaga, mashariki ya Thika, kwenye vumbi na mbuzi. Jimbo letu lilikuwa na mheshimiwa mmoja tangu kabla sijazaliwa. Kila uchaguzi ukikaribia alileta watu wakachimba mtaro wa mabomba ya maji. Uchaguzi ukiisha, watu wale waliondoka na majembe yao, na mtaro ulibaki hapo hadi mvua iurudishie udongo. Mabomba yenyewe hatukuwahi kuyaona. Mbuzi walijificha jua mle ndani, kwa hivyo siwezi kusema mtaro haukumfaidi mtu. Mwaka huo alijitokeza mtu wa kumpinga, mwalimu wa kijijini kwetu, mwembamba, mwenye kikohozi, aliyekuwa amefundisha nusu ya watu wazima wa pale kusoma. Wiki nzima watu walipita kwetu kumwambia Baba kwamba safari hii mheshimiwa ataona cha mtema kuni. Walikunywa chai ya Mama, wakaapa.

Baba alikuwa dereva wa trekta katika shamba moja kubwa la kahawa upande wa Ruiru. Alikuwa na koti la kaki ambalo alilivaa siku za maana tu. Asubuhi hiyo alilivaa.

Uwanja ulikuwa wa shule ya msingi. Nakumbuka vipande vipande. Nakumbuka picha mbili zinazotazamana na jua, na ajenti wa mwalimu akiishika yake juu kidogo kuliko mwenzake, kwa sababu ilikuwa ndogo. Baba alisimama kwenye mstari wa mwalimu. Nyuma yake Mama, amenishika mkono. Nyuma yetu alisimama mchinjaji wa kijiji, jirani yetu, mtu mnene aliyekuwa akinipa kipande cha ini nikitumwa nyama. Mstari ulikuwa mrefu. Watu walikuwa wanacheka.

Ndipo chifu akaanza kutembea. Hakusema kitu, na hakuhitaji kusema. Alitembea polepole kando ya mstari wetu, kutoka mbele kwenda nyuma, akitazama kila uso na kutikisa kichwa kidogo, kama mtu anayejikumbusha jambo. Alipotufikia alisimama. Hakumtazama Baba wala Mama. Alinitazama mimi. “Huyu mtoto anasoma wapi?” akauliza. Mama akamtajia shule. Ilikuwa hiyo hiyo tuliyosimama uwanjani kwake, na chifu alijua. Akasema, “Mzuri sana,” akaendelea.

Baada ya hapo watu walianza kuyeyuka. Mmoja alikwenda kufunga kamba ya kiatu, na alipoinuka akawa yuko mstari wa pili. Wawili wakaenda kunywa maji kwenye pipa la shule, wakarudi upande ule mwingine. Hakuna aliyemtazama mwenzake. Halafu mkono wa Mama ukanibana vidole hadi nikataka kulia, tukawa tunatembea, vumbi miguuni, na nilipogeuza kichwa niliona mgongo wa koti la kaki ukibaki kule. Baba hakugeuka. Hilo nalikumbuka vizuri kuliko sura yake.

Mheshimiwa alishinda. Nimesikia kwamba kwingine mstari mfupi ulitangazwa kuwa ndio mrefu, na watu wakapiga kelele wee mpaka wakachoka. Kwetu hawakuhitaji kutudanganya. Wachache waliobaki nyuma ya mwalimu walihesabiwa upesi, watu wakaenda nyumbani kukamua ng’ombe.

Haikuisha wiki, trekta ikapewa mtu mwingine. Baba akabaki kijijini, akawa anachunga mbuzi wa watu na kuchoma makaa. Hakuwahi kulalamika. Mimi sikufukuzwa shule. Nilisoma hadi darasa la mwisho, nikapata cheti, nikajifunza cherehani mjini Thika. Nyumbani hapakuzungumzwa siku ile hata mara moja. Baba alimwamkia Mama kama siku zote, alimchotea maji mgongo wa Mama ulipouma, walilala chumba kimoja mpaka Baba alipofariki, nami nilikuwa mwanamke mzima. Mama hakuwahi kusema, “Nilitoka nyuma yako.” Na yeye hakuwahi kuuliza, “Ulikwenda wapi?”

Jimbo lenyewe limebadilika mpaka halijijui. Mstari wa picha ulifutwa, karatasi zikarudi, vyama vikawa vingi kama kumbikumbi. Mheshimiwa yule alikuja kuangushwa na mtu aliyechimba mtaro mrefu zaidi. Mipaka ikachorwa, ikafutwa, ikachorwa tena, na Mama amehama majimbo bila kuhamisha hata kuku. Mwalimu alikufa na kikohozi chake. Mheshimiwa naye alikufa, akazikwa kwa hema kubwa na hotuba ndefu, na mbele ya jeneza mtu alitembea ameshika picha yake kifuani. Waombolezaji wakajipanga nyuma yake. Mama alikuwa amekuja kwa heshima ya mjane. Alipoona vile, aligeuka, akarudi nyumbani kwa miguu.

Baba alipiga kura kila uchaguzi, na kila mara alivaa lile koti. Mama hakupiga tena. Aliitunza kadi yake ya kura ndani ya Biblia, akaiacha ichakae humo.

Haya yote aliniambia siku ile kando ya tangi, ila si kwa mpangilio huu. Alichoanza nacho ni kwamba anamwona Baba. “Nikisimama tu kwa laini, hata ya watu watatu, yuko mbele yangu,” alisema. “Koti ile. Mgongo. Nikisema nimsalimie, laini inasonga na yeye anasonga. Wee, mtoto wangu, nimechoka na huo mgongo.”

Ningependa kusema nilimcheka, au nilimwombea, au nilimpeleka kwa daktari. Sikufanya hata moja, kwa sababu na mimi nimeshawahi kumwona. Ilikuwa benki, Thika, mchana kweupe. Mtu aliyekuwa mbele yangu alikuwa na koti la kaki, na shingo ile, na namna ile ya kuegemea mguu mmoja. Nilitoka nje nikasimama juani mpaka vidole vya mkono wangu wa kulia vilipoacha kuuma. Sikumwambia mtu. Huwa naogopa watu wa kanisa letu wakianza kukemea pepo.

Kabla ya siku hiyo daktari alikuwa ameshamwambia Mama kwamba moyo wake umechoka. Hakushtuka. Alichoogopa ni kingine, na aliniambia waziwazi, akiwa bado amekaa juu ya ndoo. “Mimi naenda kumkuta. Hiyo sina shida nayo. Shida ni sijui atanipokea na uso gani. Kama alikufa akijua nilimwacha pale, nataka nijue. Kama hakujua, pia nataka nijue, nikamwambie mwenyewe.”

Nikamwambia Baba lazima alijua, kijiji kizima kilijua. Akatikisa kichwa. Watu walikuwa wanazunguka ovyo asubuhi ile, alisema, Baba hakugeuka, na jioni alimkuta nyumbani anapika. Huenda Baba alidhani mkewe alibaki nyuma yake hadi mwisho. Mama alikuwa ameishi na hiyo “huenda” kwa miaka yote hiyo, akiitia maji kama ua la mkebe. Mtu mmoja tu angeweza kumwambia ukweli, yule aliyesimama nyuma yetu. Na mtu huyo ndiye Mama alikuwa anamkwepa. Sikuwahi kujua kwa nini tulikuwa tunazunguka barabara ya juu badala ya kupita mbele ya bucha. Nilidhani ni deni.

Mchinjaji alikuwa bado hai. Alikuwa anaishi kwa binti yake Kahawa Wendani, kwenye ploti ya vyumba vya kupangisha wanafunzi. Nilipata namba ya binti, nikapiga. Aliuliza baba yake, akarudi kwenye simu. “Anasema mkuje tu,” akasema. “Anasema mmechelewa, lakini mkuje.”

Nilikodi teksi Jumamosi. Mama alijifunga kichwani kitambaa chake cha kanisani. Tulimkuta mzee ameketi kwenye kiti cha plastiki karibu na lango, amekonda hata nisingemjua, shati limemzidi mabega. Juu yake nguo za wanafunzi zilikuwa zimeanikwa ghorofa kwa ghorofa, na muziki unatoka kila dirisha. Binti yake alituletea chai, akarudi ndani.

“Haiya,” mzee akasema. “Kumbe unajua kupita barabara ya chini.”

Mama hakucheka. Alikaa pembeni ya kiti, mkoba magotini. Hakuuliza habari ya watoto, hakuuliza habari ya mvua. “Mzee,” akasema, “siku ya picha. Ulikuwa nyuma yangu.”

“Nilikuwa.”

“Uliniona nikitoka.”

“Nilikuona.”

“Na yeye?”

Mzee aliweka kikombe chini. Alichukua muda kukipatia mahali. Nilitaka kumwambia afanye haraka, na wakati huo huo nilitaka tuinuke tuende nyumbani.

“Wewe ukitoka kulibaki nafasi,” alisema. “Mimi nikasonga mbele, niizibe. Si ndio mtu anafanya kwa laini? Yeye bila kugeuka akatoa mkono nyuma, hivi, akanizuia hapa kwa kifua. Akaniambia, ‘Hapa kuna mtu.’ ”

Mtu yeyote wa kwetu anayajua maneno hayo. Ndiyo unayoyasema kanisani ukiweka mkoba kwenye benchi, au kliniki ukienda kununua maji. Kila siku nayasikia.

“Mimi nikabaki hapo,” mzee aliendelea. “Nikajua amejua umetoka. Alikuwa amesikia vile chifu aliuliza juu ya huyu msichana. Karani akafika. Akasema, ‘Kwa nini kuna pengo hapa? Songeni.’ Bwanako akasema tena, hapa kuna mtu. Karani akauliza, ‘Yuko wapi?’ Akamwambia, ‘Amepeleka mtoto kando. Anakuja.’ ”

“Anakuja,” Mama akarudia.

“Hivyo ndivyo alisema. Karani akacheka. Akaonyesha na kalamu laini ile ingine, akamwambia, ‘Huyo mtu wako si yule kule?’ Bwanako hakuangalia. Akasema, ‘Basi hesabu vile unataka, lakini hiyo nafasi uiache.’ Na mkono bado uko hapa kwangu. Nikuambie ukweli, mama? Hata mimi miguu ilikuwa inataka kwenda. Nilikuwa na bucha, nilikuwa na leseni ya chifu. Ni ule mkono ulinishika. Ningeondokaje na mtu ameniamini namna hiyo?”

Hasira ilinipanda, na haikuwa ya chifu. Ilikuwa ya Baba. Nilisema kwa sauti, nikasahau adabu: “Kwa nini hakugeuka basi? Kwa nini hakumwita? Neno moja tu! Si angerudi?”

Mzee alinitazama kwa mara ya kwanza tangu tuingie. “Angegeuka, watu wote wangeangalia pale anaangalia,” alisema. “Angemwita, chifu angejua huyu amehama miguu tu, moyo bado uko kwetu. Wengine walioitwa na mabwana zao siku hiyo waliandikwa majina. Baba yako alijua. Alijifanya hana mtu kule.”

“Na kwa karani alisema anakuja,” nikasema. “Si alikuwa anajua haji?”

“Hapana,” mzee akasema. “Hiyo aliamini. Tulisimama pale mpaka watu wakaisha uwanjani. Mimi ndiye nilimwambia, twende sasa.”

Wanafunzi wawili walipita langoni wakicheka, wakamsalimia mzee na Mama, “Guka, sasa? Cucu, hamjambo?” Tukawaitikia. Chai ilikuwa imeota ngozi juu. Nilimtazama Mama, nikijiandaa kumshika. Alikuwa ameketi wima kabisa. Nilidhani angeuliza kama mumewe alikasirika, au kama alimsamehe, au angalau angesema jambo la Mungu.

“Mkono gani?” akauliza.

“Ati?”

“Ule aliotoa nyuma. Ulikuwa mkono gani?”

Mzee alifikiri. Akajaribu wa kulia, akautoa nyuma ya kiti, akaurudisha. Akajaribu wa kushoto. Ulibaki hapo hewani, umenyooka, vidole vimefunguka. “Ni huu,” akasema. “Wa kushoto.”

Mama aliutazama mkono huo kwa muda mrefu. Kisha akafungua mkoba, akatoa kitambaa, akakirudisha bila kukitumia. Tuliaga. Mzee alishindwa kuinuka, kwa hivyo Mama ndiye aliyeinama kumshika mkono, na nilisikia akimwambia asante, mara mbili, kwa Kikuyu.

Kwenye teksi alikaa dirishani. Tulipita njia ya kutokea, tukaingia barabara kuu, na mimi nilikuwa bado nimekasirika, natafuta la kusema ambalo lisingemuumiza. Nikamwambia hata kama alijua, hakumchukia. Nikamwambia sasa anaweza kupumzika. Maneno ya bure, ya kadi za rambirambi.

“Huo mkono ndio nilikuwa nalalia,” Mama alisema. “Miaka yote hiyo. Nikishalala anautoa, anauweka hapa chini ya kichwa changu, na mimi nilikuwa naona ni mkono tu.”

Dereva aliongeza sauti ya redio, pengine kwa adabu. Walikuwa wanasoma habari za wagombea.